Mtoto wa sandeskul anauliza mifupa ya Waisraeli iko wapi, nimjibu nini?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Nakuru, mtaa wa Pipeline, naliweka kwa ufupi: "Habari mwalimu. Mimi hufundisha sandeskul kanisani kwetu, watoto wa miaka tisa mpaka kumi na mbili. Juzi tulikuwa tunasoma Hesabu 14, pale Mungu anasema kizazi chote kitafia jangwani, kijana mmoja akauliza, sasa mwalimu mifupa yao iko wapi? Nilikosa jibu. Nikaenda kutafuta kwa video nikakuta watu wanasema Kutoka, ile safari ya Waisraeli kutoka Misri, haikutokea kabisa, Yesu hakuwahi kuishi, Biblia ilitungwa na mfalme wa Roma. Pasta nimemuuliza akasema hiyo ni roho ya shaka niombewe. Mama yangu nikimgusia tu analia. Sasa kama Kutoka ni uongo, Mungu naye je? Na Jumapili nikisimama mbele ya hao watoto nisemeje?"

Dada yangu, kwanza huyo kijana usimnyamazishe, nakuomba. Nimefundisha Agano la Kale huku Kisumu miaka mingi na watu wazima wanaouliza swali safi hivyo ni wachache. Mtu akikuambia malaika alinitokea usiku nikiwa peke yangu, hapo hakuna pa kuchimba, utamwamini ama utamwacha. Lakini akisema watu zaidi ya milioni mbili walizunguka jangwa moja miaka 40 wakafia humo, hilo ni dai linalogusa udongo, na kitu kikigusa udongo huacha alama, na alama watu wanaweza kwenda kuitafuta. Huyo mtoto amelionea mbali.

Wacha tupige hesabu kwanza kwa sababu wengi tunasoma hizo namba kanisani zinapita tu. Hesabu 1:46 inasema wanaume wa kwenda vitani, kuanzia miaka 20 kwenda juu, walikuwa 603,550. Ongeza wake zao, watoto, wazee, na Walawi ambao hawakuhesabiwa hapo, unafika milioni mbili na zaidi. Sensa yetu ya 2019 ilipata kaunti nzima ya Nakuru ina watu kama milioni 2.16. Kwa hivyo chukua kila mtu kutoka Naivasha, Gilgil, Subukia, Njoro, Molo, mpaka Kuresoi huko juu, usiache hata mmoja, uwaingize Sinai na mbuzi wao na ng'ombe wao. Sasa wale wanaume 603,550 wote wanafaa kufa isipokuwa Kalebu na Yoshua. Miaka 40 ni siku 14,600 hivi. Ukigawanya unapata mazishi 41 kila siku, Sabato ikiwemo, na hapo hujazika mwanamke hata mmoja wala mtoto.

Na watu wametafuta, tena wakitamani sana kupata. Israeli ilishika Sinai kuanzia 1967 mpaka 1982 ilipomaliza kuirudishia Misri, na katika hiyo miaka wanaakiolojia wao walipita hilo jangwa kwa miguu, bonde kwa bonde. Kadesh-barnea, pale ambapo Biblia inasema walikaa siku nyingi, pamechimbwa zaidi ya mara moja. Kambi ya umati wa wakati wa Musa haipo. Na usidhani jangwa limemeza kila kitu, kwa sababu hapo hapo Sinai kuna makaburi ya mawe yanayoitwa nawami, vijumba vya duara vya wafugaji wadogo wadogo walioishi zaidi ya miaka 3,000 kabla ya Kristo, mengine mpaka leo paa lake la mawe limesimama na ndani walikuta mifupa na shanga. Yaani jangwa limetunza mifupa ya wachungaji wachache waliokufa miaka mingi sana kabla ya Musa, halafu lipoteze mifupa ya kaunti nzima? Wewe hata huna haja ya kwenda Sinai. Panda Hyrax Hill hapo Nakuru, dakika chache kutoka town, uone mahali ambapo Mary Leakey alichimba 1937 na 1938 akakuta makaburi ya wafugaji wa zamani. Na huko Njoro, kwa lile pango la mtoni, yeye na mumewe Louis walikuta mabaki ya watu kama 80 waliochomwa maiti, na shanga zao na vibuyu vyao vimeungua vikabaki makaa, na hiyo ni miaka 3,000 hivi iliyopita, karibu enzi za Daudi. Kama watu 80 wa Njoro walionekana, milioni mbili wangeonekana.

Kwa hivyo jibu langu kwa hilo sitalizungusha: Kutoka kwa namba zile, na kwa namna ile, hakukutokea. Wako wanaosema ushahidi utapatikana siku moja tuwe na subira. Mimi sioni hivyo. Kuna vitu ukivikosa haisemi lolote, na kuna vitu ukivikosa baada ya kutafuta mahali sahihi kwa muda wa kutosha, huko kukosa kwenyewe ni ushahidi.

Sasa, hapo ndipo wale wa video wanakimbia na mpira. Wakishaonyesha milioni mbili hawakuwepo, wanaruka moja kwa moja kusema basi hakukuwa na kitu chochote, ilikuwa hekaya tupu kutoka kichwani mwa mtu. Hiyo nayo ni imani, haijachimbwa popote.

Kwa sababu kuna vitu viko. Mwaka 1896 mwanaakiolojia Mwingereza, Flinders Petrie, alipata huko Thebes, Luxor ya leo, jiwe refu la Farao Merneptah, mtoto wa Ramses wa Pili, la kama mwaka 1208 KK, Farao anajisifu kwa vita vyake, anataja Ashkeloni, Gezeri, Yanoamu, halafu anasema Israeli ameangamizwa, uzao wake haupo tena. Ile alama waandishi wa Misri walikuwa wanaweka kuonyesha hili ni mji ama hili ni kabila, kwa Israeli wameweka ya kabila. Maana yake kufikia 1208 KK kuna watu wanaitwa Israeli huko Kanaani na Farao anawajua. Kutoka 1:11 inataja mji wa Ramesesi, na huo mji ulikuwepo kweli, ulijengwa na Ramses wa Pili upande wa mashariki wa delta ya Nile, halafu mkono wa mto ukahama na mji ukaachwa. Na jirani yake kabisa palikuwa Avaris, mji mkuu wa wale watawala wa kutoka Kanaani walioitwa Hyksos, ambao Wamisri waliwafukuza kama 1550 KK. Wasemiti, yaani watu wa jamii ya Wakanaani na Waebrania, Misri walikuwepo, wafanyakazi, watumwa, wachungaji wakati wa njaa, wakiingia na kutoka. Halafu kwenye milima ya Kanaani, kuanzia kama 1200 KK, vinatokea vijiji vipya vidogo zaidi ya 200 mahali palipokuwa karibu patupu, watu maskini, nyumba ndogo, vyungu vyao vinafanana na vya Wakanaani wenyewe, na mifupa ya nguruwe ni kama hakuna. Wataalamu wengi wanaona hao ndio Israeli wa mwanzo, na wengi wao walikuwa wenyeji wa huko huko. Inawezekana kundi dogo lilitoka Misri na simulizi lake, likajiunga nao, na baada ya vizazi kadhaa simulizi la wachache likawa la wote. Mimi hilo ndilo naona lina uzito zaidi, japo kuna wenzangu hata hicho kikundi kidogo wanakikataa.

Na sisi watu wa magharibi ya Kenya hatufai kushangaa vile simulizi la wachache linakuwa la wote. Muulize mzee Mbukusu walitoka wapi, atakuambia Misri. Uliza Wakuria, uliza Wakisii, uliza wazee wa Kikalenjin, utasikia Misri hiyo hiyo. Wanahistoria wakichunguza wanaona uhamaji ulikuwepo kweli, watu walitoka pande za kaskazini, walipita Mlima Elgon, lakini hiyo Misri yenyewe wengi wanaona ilipata nguvu baada ya wamishonari kuja na Biblia na wazee kusikia kuna taifa lilitoka Misri likavuka maji. Jaluo naye anakuambia Ramogi alifika Got Ramogi huko Yimbo. Marehemu Profesa Bethwell Ogot alikaa chini na wazee, akasikiliza koo kwa koo, akahesabu vizazi, akalinganisha ukoo huu unasema nini na ule unasema nini, na 1967 akatoa historia ya Waluo wa kusini ambayo mpaka leo inaheshimika. Hakuwaita wazee waongo na hakunakili kila neno walilosema. Kuna mahali simulizi linabeba kumbukumbu ya kweli na kuna mahali linabeba sifa za ukoo. Huko Kano tunasimuliwa Lwanda Magere ambaye mwili wake ulikuwa jiwe, mkuki haumwingii, mpaka maadui wakampa mke akajua siri iko kwa kivuli. Vita vya Wakano na Wanandi vilikuwepo. Mwili wa jiwe, hapana. Na hakuna anayechomoka ukoo wake kwa sababu hiyo. Sasa msome Samsoni na Delila hivyo hivyo, utaona unasoma kitu cha watu, sio ripoti ya polisi.

Yeriko nitaipitia kwa sababu utakutana nayo. Miaka ya 1930 John Garstang alichimba akatangaza amepata kuta zilizoangushwa wakati wa Yoshua, makanisa yakafurahi dunia nzima, na kuna wahubiri bado wanaitumia. Kathleen Kenyon akarudi hapo 1952 mpaka 1958, akachimba polepole, tabaka kwa tabaka, akisoma vigae vya vyungu, akakuta zile kuta za Garstang ni za zamani kuliko Yoshua kwa karibu miaka 1,000, na mji wa mwisho wenye ngome ulikuwa umeshateketea kama 1550 KK. Yoshua akifika miaka ya 1200 KK hakukuwa na ukuta wa kuangusha. Ai, ule mji wa Yoshua 8, ni mbaya zaidi, hapo palikuwa magofu matupu zaidi ya miaka 1,000 kabla yake.

Lakini ukifika kwa wafalme picha inabadilika kabisa, na hii ndiyo sehemu inaniuma nikiona vijana wanaambiwa Biblia yote ni hadithi. Mfalme Shalmaneseri wa Tatu wa Ashuru anaandika vita vya Karkari vya 853 KK anamtaja Ahabu Mwisraeli, ati alikuja na magari ya vita 2,000 na askari 10,000. Mesha mfalme wa Moabu, yule wa 2 Wafalme 3, jiwe lake lilipatikana 1868 na liko Paris, anamtaja Omri mfalme wa Israeli na anamtaja Mungu wa Israeli kwa jina. Watu walikuwa wanasema Daudi hakuwepo, 1993 huko Tel Dan kikapatikana kipande cha jiwe la Kiaramu la karne ya 9 KK limeandikwa nyumba ya Daudi. Na soma 2 Wafalme 18 na 19 pole pole. Senakeribu anakuja 701 KK, na kumbukumbu zake mwenyewe tunazo, zimeandikwa kwenye udongo, nakala moja iko London. Anasema aliteka miji 46 ya Hezekia, akamfungia Yerusalemu kama ndege ndani ya tundu, akalipwa talanta 30 za dhahabu na 800 za fedha. Biblia inasema talanta 30 za dhahabu na 300 za fedha. Dhahabu wanakubaliana, fedha wanatofautiana, na pande zote mbili, adui na mwenyeji, hakuna anayesema Yerusalemu ilitekwa. Biblia inaeleza ni malaika aliua 185,000. Mwanahistoria anaweza kukuambia mji haukuanguka. Malaika hakuna kifaa cha kumpima, hapo mwanahistoria anaweka kalamu chini, na asikudanganye kwamba anaweza kumthibitisha ama kumkanusha kwa kuchimba.

Yale mengine ya video ni ya kupitia haraka. Yesu hakuwahi kuishi: karibu hakuna mwanahistoria wa enzi hizo anayeshikilia hilo, awe Mkristo, Myahudi ama asiyeamini Mungu. Josefo, mwanahistoria Myahudi, kwenye miaka ya 90 anamtaja Yakobo ndugu ya Yesu aitwaye Kristo, na Tasito, mwanahistoria Mroma, ambaye Wakristo hakuwapenda hata kidogo, anaandika kwamba Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato. Kwamba alifufuka ni dai la aina nyingine, hao wawili hawawezi kukusaidia hapo. Biblia ilitungwa na Konstantino, huyo mfalme wa Roma, pale Nikea: mkutano wa maaskofu wa Nikea wa 325 haukuchagua vitabu vya Biblia, na orodha ya kwanza tunayoijua yenye vitabu 27 vya Agano Jipya kama tulivyo navyo ni barua ya askofu Athanasio ya 367. Hati za Bahari ya Chumvi, maandishi ya kale ya Kiyahudi yaliyoanza kupatikana 1947, zina kitabu kizima cha Isaya cha zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo, muda mrefu kabla ya Konstantino. Kwa hivyo ukiamua kuwa mtu wa kudai ushahidi, mdai pasta na mdai huyo wa video pia, kwa mizani ile ile. Wengi wanaojiita watu wa kuhoji wanahoji upande mmoja tu.

Haya, Mungu. Hilo ndilo swali lako lenyewe na nimeona umeliweka kwa mstari mmoja kama mtu anayeogopa.

Kutoka kukianguka, Mungu haanguki nako, kwa sababu Mungu hakuwa amesimama juu ya mifupa ya Sinai. Kinachoanguka ni ule uthibitisho wa haraka, wa kusema Mungu yuko kwa sababu bahari iligawanyika na tuna picha za magurudumu ya magari ya Farao chini ya maji (hizo picha zinazotumwa kwa simu usizitume, hakuna mwanaakiolojia amezithibitisha). Na mtu akiniuliza mwalimu ni kitu gani kizito zaidi dhidi ya Mungu, sitamwonyesha Sinai hata siku moja. Nitamwonyesha mtoto. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la Solai lilipasuka, huko kwenu Nakuru, likaua watu zaidi ya 40, watoto wengi wakiwemo. Hapo muumini anaweza kujibu, na jibu lina maana, kwamba bwawa lilijengwa na watu, Mungu aliwapa watu uhuru na uhuru huo unaumiza wengine. Sawa. Sasa njoo huku kwetu kandokando ya ziwa, mtoto wa miezi minane amekufa na malaria. Mbu hana uhuru wa kuchagua. Hakuna mwanadamu alimtengeneza. Huyo mtoto hakupata somo, hakuwa na dhambi ya kutubu, na ukiniambia ni mpango, basi huo mpango ningependa mtu amweleze mama yake uso kwa uso. Mtu akiangalia hapo, akafikiri miaka, akasema mimi siwezi kuamini kuna Mungu mwema mwenye uwezo wote, huyo hajaingiwa na roho yoyote. Ametumia akili aliyonayo kwa uaminifu. Katika ile sensa ya 2019 zaidi ya Wakenya 700,000 walisema hawana dini, na mimi sitaki kuwasikia wakitukanwa.

Mimi naamini. Naenda kanisani, naomba, nazika watu nikiimba nyimbo zile zile za mama yangu, na siamini kwa sababu ya Yeriko. Naamini vile mtu anavyomtegemea mtu, najua kwamba nategemea, na sijawahi kuita huko kutegemea kwangu ushahidi wa kumfunga mwingine mdomo. Ayubu aliuliza swali la huyo mtoto wa malaria sura nyingi mfululizo, na Mungu alipojibu kutoka kwenye kisulisuli hakumwambia sababu. Lakini mwishoni, 42:7, aliowakasirikia ni wale marafiki waliokuwa na majibu ya kumtetea Mungu. Nikiwa nimesimama kwenye kaburi la mtoto huo mstari unanishika kuliko hoja yoyote ya wanafalsafa.

Kwa hivyo hiyo habari ya roho ya shaka, mwambie pasta kwa heshima kwamba Gideoni alimjaribu Mungu na ngozi ya kondoo mara mbili na hakukemewa, Habakuki alianza kitabu chake kwa kulalamika, na Tomaso alipewa alichoomba. Na kuna jambo lingine, hili nalisema kwa uchungu. Mwaka 2023 huko Shakahola, Kilifi, walifukua miili zaidi ya 400, watu walioambiwa wafunge mpaka kufa wakakutane na Yesu, watoto wakiwemo. Hapo ndipo mtu anaweza kufika akiwa hajafundishwa kuuliza. Ukimfundisha mtoto wa miaka kumi kuuliza mifupa iko wapi, siku mtu atamwambia acha kula atauliza imeandikwa wapi.

Jumapili waambie watoto ukweli kwa saizi yao. Waambie hili ndilo simulizi Waisraeli walikuwa wanawasimulia watoto wao kila Pasaka, kwamba sisi tulikuwa watumwa na Mungu hakutaka tubaki watumwa, na wakaandika sheria nyingi za kumhurumia mgeni kwa sababu hiyo. Huyo kijana mwambie watu wametafuta mifupa kwa bidii na hawakuipata, na wasomi wengi wanaona namba za kitabu ni kubwa kuliko watu waliokuwepo. Atakubali haraka kuliko unavyofikiri, watoto hawaogopi hayo mambo kama sisi. Usimwambie mifupa ilipotea na upepo ili tu umalize kipindi.

Mama usimwendee na video. Imani yake haikujengwa juu ya akiolojia na haina haja ya kubomolewa nayo, pengine ndiyo ilimvusha usiku wa kuwalea nyinyi, na akilia analilia wewe, sio Musa. Mwambie tu hujaacha kuomba, kama ni kweli hujaacha. Kama umeacha, usimdanganye, lakini si lazima umwambie wiki hii.

Na wewe mwenyewe, kabla hujafungua video nyingine ya masaa matatu, soma 2 Wafalme 18 mpaka 20, halafu Ayubu 3 mpaka 10 bila kuruka, halafu 1 Samweli 17 uilinganishe na 2 Samweli 21:19 uone Goliathi aliuawa na nani. Andika maswali yatakayokuja na unitumie.